Namba ya nyumba: rangi ukutani au kibao getini?

Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi Tanzania zina namba. Kuonekana kwake ni habari nyingine.

Rangi ni rahisi: kopo dogo, brashi, basi. Unaandika kubwa utakavyo, na wezi wa vyuma chakavu hawana cha kubandua. Ila masika mawili yakipita, 8 inaanza kufanana na 3. Na rangi nyekundu kwenye matofali ya kuchoma? Usiku ni kama hujaandika.

Kibao cha bati kinadumu, na kile chenye karatasi ya kuakisi mwanga kinang'aa bodaboda akikimulika. Hapo rangi haifui dafu. Shida ni pa kukifunga. Sisi tulikifunga kwenye geti lenyewe. Likifunguliwa, kibao kinageukia ndani, na kijana wa gesi anapita mara mbili huku akitupigia simu. Sasa kiko kwenye nguzo, usawa wa macho, mbali na bogenvilia.

Mimi ningechukua kibao. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta wa watu apake rangi, nyeusi juu ya nyeupe, tarakimu zenye urefu wa kiganja kizima.