Siku tatu katika makao makuu ya pamoja: tathmini ya zoezi la mezani kuhusu amri ya majeshi washirika

Nimetoka kushiriki zoezi la mezani la siku tatu lililoandaliwa kwa maafisa wa jeshi, watumishi wa kiraia wa wizara za ulinzi na wanafunzi wa masuala ya usalama wanaotaka kuelewa jinsi majeshi ya nchi kadhaa yanavyofanya kazi chini ya kamanda mmoja. Wenzangu kadhaa wameniuliza iwapo zoezi hilo linastahili muda wao. Jibu langu, baada ya miaka 19 ya kuvaa sare, mingi kati yake nikiwa katika chumba cha operesheni, ni kwamba linastahili sana, ingawa lina upungufu ambao waandaaji wanapaswa kuurekebisha kabla ya kundi lijalo.

Washiriki 24 waligawanywa katika vikosi vya nchi nne za kubuni, zinazotambulika kwa rangi tu, na kazi yao ya pamoja ilikuwa kushikilia vivuko viwili vya mto na kuweka wazi barabara ya misaada kwa raia waliokwama ng'ambo. Kila kikosi kilikuwa na kamanda wake, mnadhimu wake (afisa anayemsaidia kamanda kupanga operesheni) na afisa wake wa ugavi. Juu yao alikuwapo kamanda wa majeshi ya ushirika, aliyekaa na wasaidizi wake katika chumba cha pekee na asiyejua lolote kuhusu hali ya vikosi isipokuwa lile aliloletewa kwa taarifa. Hapakuwa na kompyuta hata moja: tulikuwa na ramani za karatasi, vibao vidogo vya mbao vinavyowakilisha kombania na batalioni, fomu za ujumbe, saa ya ukutani, na waamuzi watatu ambao pia waliigiza serikali za nchi hizo nne. Asubuhi ya kwanza vifaa hivyo vilinitia shaka, lakini kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimekubali kwamba karatasi ilichaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa fomu ya ujumbe inayochelewa kufika, au inayofika ikiwa na neno lisiloeleweka, hufundisha jambo ambalo ramani inayojisasisha yenyewe kwenye kioo hulificha.

Mafunzo ya namna hii yana asili ya zamani. Mwaka 1824 Georg von Reisswitz, afisa wa mizinga wa Prussia, ufalme wa Kijerumani wa wakati huo, alimwonesha mkuu wa wanadhimu, Karl von Müffling, mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani, na Müffling akaupokea kuwa chombo cha kuwafundishia maafisa. Mwezeshaji wetu alitaja habari hiyo kwa dakika mbili kisha akaendelea, nami nilisikitika, kwa kuwa aliacha sehemu inayohusu moja kwa moja kile tulichokuja kujifunza. Müffling huyo huyo ndiye aliyekuwa afisa kiungo wa Prussia, yaani mpeleka habari kati ya majeshi mawili, katika makao makuu ya Wellington, jenerali wa Uingereza, mwaka 1815. Jioni ya tarehe 18 Juni, katika mapigano ya Waterloo dhidi ya Napoleon, askari wa Prussia waliokuwa chini ya Jenerali Zieten walikuwa wanakaribia ubavu wa kushoto wa Wellington walipoanza kugeuka ili kufuata amri iliyowaita upande mwingine wa medani, na Müffling akawafuata kwa farasi, akamweleza Zieten hatari iliyokuwapo na kumshawishi arudi. Hakuwa na mamlaka ya kumwamuru Zieten. Alikuwa na ufahamu wa hali ya pande zote mbili, na alikuwa mtu ambaye pande zote mbili zilimwamini.

Mimi nilipangiwa kwa kura kuwa afisa kiungo kati ya makao makuu na kikosi cha bluu, ambacho kilikuwa kidogo kuliko vyote, na kwa hiyo ninaliona zoezi hili zaidi kutoka kwenye nafasi hiyo.

Kiini cha zoezi ni bahasha. Kila kamanda wa kikosi hupewa bahasha iliyofungwa kutoka kwa serikali yake, ndani yake mkiwa na masharti ambayo askari wake hawaruhusiwi kuyavuka. Kikosi kimoja hakikuruhusiwa kuvuka mto. Kingine kiliruhusiwa kujilinda lakini si kuanza mashambulizi. Cha bluu hakikuruhusiwa kutoka nje ya kambi baada ya jua kuzama, na cha nne, ambacho kilionekana kuwa huru kuliko vyote, kilitakiwa kupata kibali kutoka kwa serikali yake kabla ya batalioni yake yoyote kuwekwa chini ya afisa wa nchi nyingine. Kamanda wa ushirika haoneshwi bahasha hizi. Huyapata masharti hayo kwa kuuliza, na asipouliza huyajua siku anapokataliwa.

Kamanda wetu, kanali mstaafu mwenye sauti ya utulivu na akili nyepesi ya kupanga, alitoa siku ya kwanza mpango uliowapendeza wote. Kilichomwangusha siku ya pili ni kipengele kimoja tu: batalioni ya bluu ilitakiwa kusogea usiku hadi kivuko cha juu. Kamanda wa bluu alikuwa ameandika taarifa ya sharti lake mapema, lakini fomu ilipofika makao makuu iliwekwa katika trei ya mambo ya utawala, kwa kuwa kichwa chake cha habari hakikutaja operesheni. Amri ilipotoka, bluu walijibu kwamba hawawezi. Makao makuu yakarudia amri kwa maneno makali zaidi. Nilisimama kati ya vyumba viwili nikiwa na karatasi mkononi na nikaona jinsi watu wenye nia njema wanavyoanza kushukiana, upande mmoja ukisema wenzao ni waoga, upande wa pili ukisema wanatumiwa bila kuheshimiwa.

Hapo mwezeshaji alisimamisha saa na kueleza tofauti ambayo nadhani kila mshiriki aliondoka nayo. Nchi inapowatoa askari wake kwa kamanda wa ushirika haimpi amri kamili juu yao. Humpa udhibiti wa kioperesheni, yaani uwezo wa kuwapangia kazi iliyokubaliwa, mahali palipokubaliwa na kwa muda uliokubaliwa, huku nidhamu, kupandishwa vyeo na uamuzi wa kuwarudisha nyumbani vikibaki mikononi mwa taifa lao. Kwa hiyo kamanda wa kikosi husimama daima kwenye ngazi mbili za amri kwa wakati mmoja, moja ikipanda kwa jenerali wa ushirika na nyingine ikienda kwa mkuu wa majeshi wa nchi yake na kwa amiri jeshi mkuu. Mwenye kulijua hilo hashangai simu ya nyumbani inapolia katikati ya mapigano.

Mfano uliotolewa ni wa mwaka 1918, nao ulichaguliwa vizuri. Mashambulizi makubwa ya Ujerumani yaliyoanza tarehe 21 Machi yalitishia kuyatenganisha majeshi ya Uingereza na Ufaransa, ambayo kwa zaidi ya miaka mitatu yalikuwa yamepigana bega kwa bega bila kamanda mmoja. Tarehe 26 Machi, katika mkutano wa Doullens, Jenerali Ferdinand Foch wa Ufaransa alipewa jukumu la kuratibu majeshi ya washirika, na tarehe 3 Aprili, huko Beauvais, akaongezewa mamlaka ya kuelekeza mkakati wa vita. Lakini makubaliano hayo hayo ya Beauvais yaliwaachia makamanda wakuu wa Uingereza, Ufaransa na Marekani uongozi wa kimbinu wa majeshi yao, yaani wa jinsi ya kupigana, pamoja na haki ya kukata rufaa kwa serikali zao endapo wangeona kwamba amri ya Foch inahatarisha usalama wa jeshi lao. Kuna wanaoisoma haki hiyo ya rufaa kama udhaifu wa makubaliano. Baada ya siku hizi tatu naiona kuwa ndiyo iliyoyawezesha, kwa kuwa hakuna serikali ambayo ingewakabidhi vijana wake kwa jenerali wa kigeni pasipo kubakiwa na mlango wa kutokea.

Siku ya pili ilileta pia somo la lugha, na hapa waandaaji wanastahili sifa ya pekee, kwa kuwa zoezi lote liliendeshwa kwa Kiswahili na wao hawakujificha nyuma ya istilahi za kukopa. Makao makuu yaliagiza kikosi cha kijani "kudhibiti daraja la kusini". Kijani wakaweka bunduki za rashasha kwenye kilima kilicho mbali na daraja, wakiamini kwamba kudhibiti ni kuhakikisha adui hapiti. Makao makuu yaliamini kwamba askari wako juu ya daraja lenyewe, na yakatuma msafara wa misaada. Ilibidi tukae tukubaliane kwamba kushikilia ni kuwepo mahali, kulinda ni kuzuia pasidhuriwe, na kudhibiti ni kuweza kuamua nani apite, hata ukiwa mbali. Mwezeshaji alikumbusha yaliyotokea Korea mnamo Aprili 1951 kwenye Mto Imjin, ambako inasimuliwa kwamba kamanda wa brigedi ya Uingereza, alipoulizwa na jenerali wa Marekani hali ikoje, alijibu kwa upole wa kwao kwamba mambo yamekuwa magumu kidogo, na Mmarekani akaelewa kwamba wanaweza kuendelea kusubiri. Watu hao walizungumza lugha moja. Batalioni ya Gloucestershire, mojawapo ya batalioni za brigedi hiyo, ilizingirwa na karibu yote ikauawa au kutekwa.

Siku ya tatu ilikuwa ya kukataa amri. Mwamuzi alileta kadi iliyofanana kwa makusudi na tukio la Juni 1999 huko Pristina, mji mkuu wa Kosovo, pale Jenerali Wesley Clark wa Marekani, kamanda mkuu wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, barani Ulaya, alipotaka uwanja wa ndege uzuiwe dhidi ya askari wa Urusi waliotangulia kufika, naye Jenerali Mike Jackson wa Uingereza, aliyekuwa akiongoza kikosi cha NATO huko Kosovo, akakataa na kuungwa mkono na wakubwa wake wa nyumbani. Kamanda wetu wa kijani naye alikataa. Mjadala uliofuata ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kusikia kuhusu utii, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuishia kwenye kusema kwamba alikuwa sahihi au alikosea. Alitakiwa aeleze alimwarifu nani, saa ngapi, kwa maandishi au kwa mdomo, na alipendekeza nini badala ya amri aliyoikataa. Afisa anayekataa bila kuuarifu mnyororo wake na bila kupendekeza njia nyingine anamwachia kamanda wake pengo katikati ya mpango, na pengo hilo litazibwa na kikosi cha jirani.

Sasa niseme kuhusu upungufu. Ugavi ulichezwa kama jambo la pembeni. Maafisa wa ugavi walijaza fomu ambazo waamuzi waliziidhinisha bila kuzisoma, ilhali katika operesheni za kweli kila nchi huja na risasi zake, vipuri vyake na redio zisizosikilizana na za wengine, na ushirika huvunjika hapo mapema kuliko kwenye mkakati. Masajini na maafisa wateule hawakuwapo kabisa, si kama washiriki wala kama wahusika katika mchezo, kana kwamba amri ikishamfikia kamanda wa batalioni imekwisha kutekelezwa. Majadiliano ya mwisho yalipewa saa moja baada ya siku tatu za kazi, na watu walisimama kuondoka wakiwa bado wana maswali.

Lililoniuma zaidi ni uchache wa mifano. Kati ya matukio yote yaliyojadiliwa hakuna hata moja lililotoka kwenye operesheni za ulinzi wa amani barani Afrika. Kikosi kimoja cha zoezi, chenye vifaa bora kuliko vyote, kiliitwa nyumbani na serikali yake asubuhi ya siku ya tatu, na hakuna aliyetaja Rwanda, ambako baada ya askari kumi wa Ubelgiji kuuawa tarehe 7 Aprili 1994 nchi yao iliwaondoa wengine wote, ikimwachia Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa huko, kikosi dhaifu ambacho Baraza la Usalama lilikipunguza zaidi tarehe 21 mwezi huo, wakati mauaji ya kimbari yakiendelea. Wala haikutajwa Brigedi ya Kuingilia Kati iliyoidhinishwa na azimio namba 2098 la Baraza hilo la Machi 2013, ambamo batalioni za Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ziliwekwa chini ya kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, zikiongozwa mwanzoni na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Kabla ya mwaka huo kwisha kundi la waasi la M23 lilikuwa limetangaza kuacha mapigano. Ningependa sana kusikia maafisa waliokuwa huko wakieleza bahasha zao zilikuwa na nini.

Nimewaandikia waandaaji kuhusu haya, nao wamejibu kwamba kundi lijalo litapata nusu siku ya ziada kwa ajili ya ugavi. Anayekusudia kujiandikisha asitegemee kura kama nilivyofanya mimi, bali aombe mapema nafasi ya afisa kiungo. Atatembea sana kati ya vyumba, hatatoa amri hata moja, na jioni atakuwa mtu pekee aliyeziona ramani zote mbili.