Miezi mitatu na programu ya muziki: Bud Shank nimemsikia, jina lake sijaliona

Nilijiunga na kifurushi cha kulipia cha programu hii kwa sababu ya mtu mmoja, Bud Shank, mpuliza saksafoni wa jazz wa Marekani. Napuliza saksafoni ya alto kwenye bendi ya kanisani kwetu, na mwalimu wangu alinisisitizia sana nimsikilize.

Kwa sauti sina lawama. Nilianza na rekodi za kiongozi wa bendi ya jazz Stan Kenton za 1950, ile okestra ya watu wapatao 40, wapiga fidla wakiwemo. Shank alikaa safu ya saksafoni pamoja na Art Pepper. Kwa hedifoni ya kawaida tu niliweza kuzitenganisha saksafoni ya alto na ile nzito zaidi ya tenor, kitu ambacho kwenye nyimbo za kupakua bure nilikuwa siambulii.

Shida ilianza nilipofika miaka ya 1960. Huko Los Angeles Shank aliingia kazi ya studio: filamu, televisheni, nyimbo za pop. Kazi hiyo unawekewa noti mbele na unatakiwa uzipige sawasawa hapo hapo, tena uwe na ala zaidi ya moja. Yeye alikuwa na filimbi. Ile solo ya filimbi ya alto, filimbi yenye sauti ya chini kuliko ya kawaida, katikati ya wimbo "California Dreamin'" ya The Mamas & the Papas, 1965, ni yake! Nimeirudia usiku mzima. Waimbaji wananyamaza, filimbi inaingia chini, nzito, pumzi yake unaisikia ndani ya sauti, halafu inapanda taratibu. Nikafungua maelezo ya wimbo nione wapigaji. Watunzi wapo, Shank hayupo. Nikitafuta kwa jina lake naletewa albamu zake tu.

Hili limeniuma. Baba alikuwa na santuri chache za jazz, na nyuma ya jalada ulisoma nani kapiga besi, nani kapuliza nini. Niliwaandikia huduma kwa wateja mara mbili, nikajibiwa kwamba maoni yangu yamepokelewa.

Katikati ya miaka ya 1980 Shank aliiweka filimbi chini akabaki na alto peke yake, hadi alipofariki 2009. Rekodi za kipindi hicho zimo, na alto yake ni kali kuliko ya ujanani, anaiuma kila noti. Kwa ajili ya hizo nimelipia mwezi wa nne.