PlayStation 5 Slim sebuleni kwangu: ninayoyaona mapema, na kwa nini nilichagua yenye diski

Habari zenu, watazamaji, na karibuni. Leo ninazungumzia PlayStation 5 (PS5), mashine ya Sony ya kuchezea gemu kwenye runinga, ya umbo dogo, ile ambayo wauzaji wa Kariakoo na wa Nairobi huiita Slim, toleo lenye kisomeo cha diski, ambalo sasa limo sebuleni kwangu na ambalo nalitumia karibu kila jioni baada ya kazi. Haya ni maoni ya mapema. Mashine ya aina hii huchukua miaka kujulikana uimara wake, kwa hiyo sitadai lolote kuhusu namna itakavyozeeka. Lakini jambo moja limenidhihirikia tangu mwanzo, nami nalisema sasa hivi ili hata asiye na muda wa kutazama hadi mwisho aondoke nalo: kwa mnunuzi anayeishi Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa au Kampala, uamuzi mkubwa si kuchagua kati ya mashine hii na ya kampuni pinzani, bali ni kuchagua kati ya toleo lenye diski na lile lisilo nayo, na mimi nasimama upande wa diski bila kusita.

Tuitazame mashine yenyewe. PS5 ya kwanza ilitoka Novemba 2020 ikiwa na uzito wa kilo 4.5, na wengi mnakumbuka jinsi ilivyokataa kuingia kwenye kabati za runinga. Hii ilitolewa Novemba 2023, ina kilo 3.2 pamoja na kisomeo chake cha diski, na urefu wake haufiki sentimita 36. Mabamba meupe yanayoifunika sasa ni manne, mawili yanang'aa na mawili hayang'ai, na mbele kuna matundu mawili ya USB-C badala ya moja. Ndani ya boksi utakuta pedi moja, yaani kidhibiti cha kushika mikononi, waya wa HDMI wa kuunganisha na runinga, waya wa umeme, waya wa kuchajia pedi, na vipande viwili vidogo vya plastiki vya kuiegemeza mashine inapolazwa. Kitako cha kuisimamisha wima huuzwa peke yake, kwa takriban dola 30 nchini Marekani, na sioni sababu ya mtu kukinunua. Ilaze tu mahali palipo wazi, na nyuma uiachie nafasi, kwa kuwa huko ndiko joto linakotokea.

Sasa pedi, na hapa nitakaa kwa muda. Pedi za zamani zilitetemeka kwa mota mbili zilizozungusha vipande vya uzito, hivyo kila tukio, liwe mlipuko au mpira kugonga mwamba, lilifika mkononi kama mngurumo ule ule, ukiwa mkubwa au mdogo. Pedi ya PS5, iitwayo DualSense, hutoa mitetemo midogo iliyopimwa, ambayo inaweza kuanzia upande mmoja wa viganja na kuhamia upande wa pili. Njia bora ya kulihisi hilo haihitaji hata senti moja ya ziada, kwa kuwa mashine huja na gemu iitwayo Astro's Playroom, iliyotengenezwa na Team Asobi, ikiwa imeshawekwa ndani. Unamwongoza roboti mdogo, naye akitembea juu ya mchanga unahisi mchanga, akihamia kwenye chuma unahisi chuma, na ukifumba macho bado unaweza kusema yuko juu ya nini. Vitufe vya L2 na R2, vile vya kubana kwa vidole vya shahada, navyo vina mota zinazoweza kukisukuma kidole chako kirudi, kwa hiyo roboti anapovaa vazi la springi unalazimika kuibana ile springi kwa nguvu halisi kabla ya kuiachia. Katika Gran Turismo 7, gemu ya mbio za magari, kitufe cha breki hukaza kadiri unavyokibana, na tairi linapokaribia kuteleza unapata taarifa kidoleni kabla jicho halijaona.

Mtu aliyetoka kwenye PS4, mashine iliyoitangulia hii, atahisi tofauti hii kabla ya kuiona tofauti yoyote ya picha. Nasema hivyo nikijua kwamba si kila gemu inaitumia vizuri, na kwamba anayecheza gemu za soka tu atafaidi kidogo. Baadhi ya wanaoshindana kwa dhati huizima kabisa kwenye mipangilio, kwani kitufe kinachokaza huchelewesha shuti. Betri ya pedi ina uwezo wa mAh 1,560, si mingi kwa kazi hiyo yote, na uzoeane mapema na kuiweka kwenye chaji kila unapomaliza kucheza. Jambo jingine la kulijua siku ya kwanza ni kwamba pedi ina kipaza sauti ndani yake. Ukiingia kwenye mchezo wa mtandaoni bila kubonyeza kile kitufe kidogo cha katikati, kinachowaka rangi ya machungwa sauti inapozimwa, wageni watasikia mazungumzo ya familia yako. Kwenye mipangilio unaweza kuamuru kipaza sauti kizimwe kila unapoingia, na kwa nyumba yenye watoto ningelifanya hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Kuhusu kasi, Mark Cerny, msanifu mkuu wa mashine hii, alieleza Machi 2020 kwamba hifadhi ya SSD, ya chipu isiyo na kinachozunguka, ndiyo iliyoombwa zaidi na watengenezaji wa gemu, na nikiwa mtumiaji naelewa kwa nini. Hifadhi hiyo husoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde, ilhali PS4 ilitegemea diski kuu inayozunguka, na matokeo yake ni kwamba ule muda wa kutazama picha tuli na kusoma vidokezo vile vile umekaribia kutoweka. Picha nayo ni nzuri, lakini naomba msikope fedha kununua runinga ya 4K, ile yenye picha kali zaidi, kwa ajili yake. Mashine inafanya kazi vizuri kwenye runinga ya kawaida ya 1080p, na gemu nyingi hukupa hiari ya kuchagua ubora wa picha kwa fremu (picha) 30 kwa sekunde au wepesi kwa fremu 60. Chagueni 60. Wepesi huo unaonekana kwenye runinga yoyote, hata ya inchi 32.

Hifadhi imetajwa kuwa ya terabaiti 1, ila zinazobaki kwa ajili yako ni takriban gigabaiti 842, na kwa kuwa baadhi ya gemu za sasa huzidi gigabaiti 100, nafasi hiyo hujaa mapema kuliko unavyotarajia. Kama una diski ya nje ya USB ya kuhifadhia data, uliyokuwa ukiitumia kwenye PS4, usiiuze. Gemu za PS4 zitacheza moja kwa moja kutoka humo, na gemu za PS5 unaweza kuzihifadhi humo usipozihitaji, ingawa hazitacheza hadi uzirudishe ndani ya mashine.

Nirudi kwenye diski. Hebu fikirini gemu ya gigabaiti 90 kwa mtu anayetumia bando la simu, au hata kwa mwenye intaneti ya nyumbani yenye kasi ya kawaida: ama atalipa fedha inayokaribia bei ya gemu nyingine, ama ataiacha mashine ikipakua usiku kucha na kuomba umeme usikatike. Diski ya PS5 hubeba hadi gigabaiti 100. Unaiingiza, mashine inanakili gemu ndani, na kinachobaki kupakuliwa kwa kawaida ni masasisho tu. Wako watengenezaji wanaolikwepa hilo, kama ilivyokuwa kwa Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022, ambayo diski yake ilibeba sehemu ndogo sana ya gemu, kwa hiyo soma maandishi ya kwenye kasha kabla ya kulipa. Hata hivyo, uzito mkubwa zaidi wa hoja yangu uko baada ya gemu kuisha. Ya diski unaweza kuiuza, kumwazima ndugu, au kuibadilisha dukani kwa kuongeza kiasi kidogo, wakati ya kupakua imefungwa kwenye akaunti yako na haiuziki kwa mtu yeyote. Vijana wengi ninaowafahamu hawanunui gemu mpya kila mara. Wanazizungusha, na toleo lisilo na diski linawafungia mlango huo.

Mtu ataniambia kwamba kisomeo cha diski kinaweza kununuliwa baadaye na kuchomekwa. Ni kweli, na huo ni usanifu mzuri. Lakini tufanye hesabu kwa bei za Marekani za mwaka 2023: toleo lisilo na diski lilikuwa dola 449.99, kisomeo dola 79.99, jumla dola 529.98, ilhali toleo lenye diski tangu mwanzo lilikuwa dola 499.99. Agosti 2025 bei za mashine zote mbili zilipanda kwa dola 50 huko Marekani, na pengo hilo likabaki vile vile. Kisha kisomeo unachokiongeza mwenyewe hakifanyi kazi hadi mashine iunganishwe na intaneti kwa mara ya kwanza ili vitambuane. Diski za gemu hazifungwi kwa eneo, kwa hiyo iliyotoka Dubai au Uingereza itacheza bila shida, isipokuwa nyongeza zinazonunuliwa mtandaoni zinapaswa kuwa za eneo lile lile la diski.

Hilo linanipeleka kwenye akaunti. Tanzania, Kenya na Uganda hazimo katika orodha ya nchi ambazo mtandao wa PlayStation unazitambua rasmi, ingawa Afrika Kusini imo. Matokeo yake ni kwamba watumiaji wengi wa huku hufungua akaunti ya nchi nyingine na kununua vocha za nchi hiyo, na nchi ikishachaguliwa haibadilishwi, kwa hiyo msimwachie muuzaji wa dukani awachagulie kwa haraka. Naliona hili kuwa upungufu mkubwa, kwa sababu watu wa Afrika Mashariki wanailipia mashine hii bei kamili na wanastahili duka la fedha zao wenyewe. Mkumbuke pia kwamba kucheza mtandaoni na wengine kunahitaji malipo ya PlayStation Plus, huduma ya uanachama ya Sony, isipokuwa kwa gemu za bure kama Fortnite.

Kwa wale wa soka, ambao najua ndio wengi hapa, boksi lina pedi moja tu na ya pili ni ghali. Pedi za PS4 haziruhusiwi kwenye gemu za PS5, lakini zinakubaliwa kwenye gemu za PS4 zinapochezwa ndani ya mashine hii. Kwa kuwa EA Sports FC 26 imetoka pia kwa PS4, mwenye diski ya toleo hilo anaweza kuwakaribisha wenzake na pedi zao za zamani, akikubali picha iliyo hafifu kidogo, hadi atakapopata fedha ya pedi mpya.

Nimalizie na umeme. Usiiache mashine katika hali ya mapumziko, ile ya taa ya rangi ya machungwa, kama mtaani kwenu umeme hukatika mara kwa mara. Gemu uliyoiacha wazi itapotea kama hukuihifadhi, na mashine itakapowaka tena itakulaumu kwamba haikuzimwa ipasavyo kisha ianze kuikagua hifadhi yake. Izime kabisa. Na kwa anayenunua mashine iliyotoka Japani au Marekani, soma volti zilizoandikwa kwenye kibandiko chake ukiwa bado dukani, kisha ujaribishe kuiwasha na kuingiza diski mbele ya muuzaji kabla ya kutoa fedha.