Kabati la kioo "la nyoka wawili": zuri, ila kwa mmoja

Nimelinunua kwenye duka moja la wanyama wa kufugwa hapa Leicester: sentimita 120 kwa 60 kwa 60, milango ya kuteleza kwa mbele, kufuli, na ubao wa plastiki wa kugawa katikati. Kijana wangu anafuga chatu wadogo wa Afrika Magharibi, Python regius, wale wanaojiviringa wakiogopa.

Kama kabati, sina neno. Kioo kizito, milango haikwami, na ukifunga thermostati joto halipandi ovyo: upande wa moto nyuzi 32, wa baridi 25.

Tatizo ni hiyo "wawili". Muuzaji alitutolea picha ya chatu wamelaliana chini ya taa, eti wanapendana. Mapenzi yapi? Hao wanagombea sehemu yenye joto, na aliye juu ndiye kashinda. Ugomvi wa nyoka hauna kelele. Utashtukia mmoja hagusi panya wake, amekonda. Asubuhi ukikuta mlo umetapikwa, mgonjwa ni nani? Utitiri nao ukimwingia mmoja, wote wanao. Na wakiwa dume na jike, jiandae kwa mayai.

Mwanangu akaniambia, "Lakini mama, atakuwa mpweke." Upweke ni wetu sisi, baba. Huyu porini anaishi peke yake.

Wapo wanaovumiliana, nakubali. Thamnophis, nyoka wembamba wa Amerika Kaskazini wasio hatari kwa mtu, hujazana kwa maelfu mashimoni wakati wa baridi kule Narcisse, Manitoba, Kanada. Hata hao, wafugaji huwatenganisha wakati wa kula, maana wawili wakikamata windo moja, mmoja anaweza kummeza mwenzake. Lampropeltis, wale Waingereza huwaita "kingsnake", ndiyo usithubutu: nyoka wenzake ni chakula chake.

"Basi tumia ubao," akasema muuzaji. Nafasi ya taa ni moja tu, kushoto. Ukigawa, wa kushoto hana pa kupoa na wa kulia anatetemeka. Tena juu ya ubao kidole changu kinapita, sembuse chatu mchanga.

Nyota tatu. Ukiwa na nyoka mmoja, lichukue, na waombe wakupunguzie bei wabaki na ubao wao. Wetu wa pili tumemnunulia kabati lake.