Spider-Man toleo la 33: zima kwanza ile hali ya fremu moja moja

Mtu akitaka kuonja Spider-Man wa zamani, mimi humpa The Amazing Spider-Man toleo la 33, la Februari 1966. Ni kurasa 20 za hadithi, na enzi hizo Marekani liliuzwa senti 12. Ila wengi wanaolisoma leo kwenye simu hulimaliza wakiwa hawajaguswa, wakabaki wanashangaa linasifiwa kwa lipi. Hadithi haina kosa. Wamelifungua vibaya.

Programu nyingi za kusomea vibonzo zina hali ya kuonyesha fremu moja moja: ukigusa kioo inajaa fremu moja, ukigusa tena inakuja inayofuata. Kwa vibonzo vingi hali hiyo ni msaada mkubwa. Hapa inaua, kwa sababu mchoraji Steve Ditko ameufanya ukubwa wa fremu kuwa ndiyo nguvu yenyewe ya Spider-Man. Ukurasa wa kwanza unamkuta amelaliwa na mtambo wa chuma katika maficho ya adui yake Doctor Octopus chini ya maji. Dari linavuja. Chupa ya dawa iitwayo ISO-36 iko sakafuni mbele yake, anaiona, mkono haufiki. Anajaribu kunyanyua, anashindwa. Anawaza sura ya May Parker, shangazi aliyemlea, aliye mahututi hospitalini, na ya marehemu Ben, mume wa May, ambaye yeye Spider-Man hakuweza kumwokoa. Anajaribu tena. Kadiri mgongo unavyonyooka ndivyo fremu zinavyotanuka, hadi ukurasa wa tano, ambao wote ni picha moja: mtambo uko juu, yeye yuko huru.

Sasa fikiria programu inakuja na kuzikuza fremu zote zilingane na kioo. Ile ndogo ya kukata tamaa na ile kubwa ya ushindi zinatoka saizi moja, na kazi yote ya Ditko imefutika.

Kwa hiyo fanya hivi. Ingia kwenye mipangilio, zima hali hiyo. Ishike simu wima, maana ukurasa wa kibonzo ni mrefu kuliko upana wake. Ukiilaza, utaona nusu ya ukurasa tu. Utazame ukurasa mzima kwanza bila kusoma neno lolote, kisha vuta karibu kwa vidole viwili usome viputo, kisha rudisha ukurasa mzima kabla ya kwenda mbele. Kwenye tableti ya inchi 10 hata kuvuta hakuna haja.

Na usianzie hapa moja kwa moja. Soma la 31 na la 32 kwanza, vinginevyo ile chupa sakafuni ni chupa tu. Katika la 31 May anaanguka, na Peter Parker, yaani Spider-Man bila barakoa, anaingia chuo kikuu akiwa na mawazo hadi wenzake wanamwona ana maringo. Humo ndimo wanafunzi wenzake Gwen Stacy na Harry Osborn wanapotokea mara ya kwanza. La 32 linafunua kisa: damu ambayo Peter alimchangia May zamani ina mionzi, na mionzi hiyo ndiyo inayommaliza. Yaani mzigo alioubeba kule chini ya maji ni deni lake mwenyewe. Dawa pekee ni ISO-36, nayo imeibwa na genge la Octopus.

Waliotoka kwenye filamu ya Spider-Man: Homecoming ya 2017 wataitambua picha ya kijana chini ya kifusi. Imetoka hapa. Filamu iliondoa dawa na mgonjwa, na kwangu hapo ndipo ilipopungukiwa.

Udhaifu wa toleo hili ni maneno. Mwandishi Stan Lee alijaza viputo baada ya Ditko kuwa amekwisha kupanga kisa na kuchora, kwa hiyo mara nyingi Spider-Man anaeleza kile ambacho jicho limeshaona: misuli inatetemeka kwenye picha, naye anatuambia inatetemeka. Mazungumzo na Betty Brant, karani wa gazeti anakouza picha Peter, nayo yanapita haraka mno. Lakini usiishie ukurasa wa tano kama wanavyofanya wengi. Baada ya hapo kuna vita na vibaraka wa Octopus, Spider-Man akiwa amechoka na mguu umeumia, kuna mwanasayansi Dk. Connors maabara akihakikisha dawa kabla haijafika hospitali. Na kuna Peter akimbana J. Jonah Jameson, mwenye gazeti hilo, kuhusu bei ya picha zake, kwa kuwa matibabu yanahitaji fedha. Sehemu hiyo naipenda karibu sawa na ile ya mtambo. Shujaa ameokoa maisha, na bado bili inamsubiri.

Kwa wanaotaka karatasi mkononi, juzuu ya 4 ya Marvel Masterworks ya Spider-Man, mfululizo wa vitabu vinavyochapa upya matoleo ya zamani, inaanzia toleo la 31, kwa hiyo sehemu zote tatu zimo. Omnibus ya kwanza, yaani kitabu kikubwa cha mkusanyiko, nayo inafika la 38, la mwisho la Ditko, ila ina zaidi ya kurasa 1,000. Ni nzito kuishika, na picha za katikati zinazama kwenye mshono usipoilaza mezani.