Metali adimu za Minecraft zimejificha wapi? Vitanda kumi katika kina cha 15

Karibu tena, mtazamaji. Leo sitagusa michoro ya Minecraft wala namna ya kujenga kibanda cha usiku wa kwanza, kwa sababu wewe uliyefungua video hii umeshayapita hayo zamani. Ninataka tuzungumzie mahali zinapolala metali adimu chini ya ardhi, maana mpangilio huo ndio unaonirudisha kwenye mchezo huu kila ninapoapa kuuacha.

Wakongwe wanaikumbuka namba 11, kina cha kutafutia almasi (namba za kina hupungua kadiri unavyoshuka). Kabla ya toleo la 1.18, lililotoka tarehe 30 Novemba 2021, dunia iliishia kwenye kina cha 0, na kila mtu alishuka hadi 11, akachimba handaki lililonyooka na kusubiri bahati yake. Sasa sakafu imeshushwa hadi hasi 64, na madini mengi yana kina chake cha neema, ambacho ukikipita kwa juu au kwa chini yanapungua kidogo kidogo. Dhahabu huanzia 32 na kushuka hadi chini kabisa, lakini hushamiri karibu na hasi 16, isipokuwa katika majangwa ya udongo mwekundu, ambako unaikuta hata kwenye kuta za vilima bila kuwasha mwenge. Toleo hilo lilipotoka nililalamika kwamba uchimbaji umegeuzwa hesabu. Leo ninaifuta nusu ya kauli ile, na nusu ya pili nitaieleza tukifika kwenye violezo.

Tuingie Nether, ulimwengu wa moto unaofikiwa kupitia lango, kwa sababu ndiko iliko netheraiti, metali ya kuimarishia zana za almasi. Humo huchimbi netheraiti yenyewe, bali vifusi vya kale, na unahitaji sururu ya almasi, maana sururu ya chuma itakivunja kifusi na kukuacha mikono mitupu. Jina hilo hunichekesha, kwa kuwa kwa wachimbaji wadogo wa Geita kifusi ni kile kinachotupwa nje ya duara, yaani shimo la uchimbaji, ili mwamba ufikiwe, ilhali hapa mwamba ndio unaotupwa na kifusi ndicho kinachotafutwa. Vifusi hivi vimetawanyika kuanzia kina cha 8 hadi 119, lakini vilivyo vingi vimebanana kati ya 8 na 24, na kilele chake ni karibu na 16. Jambo ninalolipenda kuliko yote ni kwamba mchezo hauviweki kamwe mahali vinapogusana na hewa. Unaweza kuzunguka mapango ya Nether mwezi mzima ukikagua kuta kwa macho, nawe usione hata kimoja, kwa sababu kila kimoja kimefunikwa pande zote.

Sasa tazama namba zilizo kwenye kona ya skrini. Kwenye kompyuta zinaitwa kwa kitufe cha F3, na kwenye simu utaziwasha katika mipangilio ya dunia yako. Nimesimama kwenye 15, na nimebeba vitanda kumi. Ukijaribu kulala Nether, kitanda hulipuka, tena kwa nguvu ya 5, wakati baruti ya mchezo huu ina nguvu ya 4. Kitanda kinagharimu sufu tatu na mbao tatu, lakini baruti inataka unga wa milipuko mara tano na mchanga mara nne. Ninakiweka mwisho wa handaki, ninaweka jiwe moja kati yangu na kitanda, kisha ninakibofya. Mwamba wote umetoweka, na hakuna kitu. Ninasogea mbele bloku chache na kurudia. Safari hii angalia kushoto, juu kidogo ya moto: kile cha rangi ya kahawia, chenye mzunguko kama gamba la konokono, ndicho kifusi cha kale, na mlipuko haukukifanya lolote. Nyuma yake kuna kingine.

Usiige haya bila dawa ya kustahimili moto. Bahari ya lava ya Nether hufika kina cha 31, kwa hiyo hapa tuko chini ya usawa wake, na mlipuko mmoja ukitoboa pasipofaa, lava itakufuata handakini. Dawa ya kawaida hudumu dakika 3, na ukiiongezea redstone, ule unga mwekundu wa madini, hudumu dakika 8. Wiki iliyopita niliidharau, na ndiyo sababu matangazo mubashara ya Ijumaa hayakufanyika: nilikuwa ninachimba upya almasi zangu.

Vifusi vinne vilivyoyeyushwa, pamoja na mikuo minne ya dhahabu, vinakupa mkuo mmoja wa netheraiti. Tangu toleo la 1.20 la mwaka 2023 mkuo pekee hautoshi kugeuza zana ya almasi kuwa ya netheraiti, kwani unatakiwa uwe na kiolezo kutoka kwenye masanduku ya magofu ya ngome za Nether, na kukinakili kunameza almasi saba. Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu mchimbaji aliyejua kina chake amegeuzwa mdokozi wa masanduku. Hata hivyo, lazima nikubali kwamba almasi, ambazo kabla ya hapo zilikuwa zikijaa masandukuni kwangu, zimepata kazi tena.

Mtaniuliza kuhusu Terraria, mchezo mwingine wa kuchimba, ambao ni wa bei nafuu zaidi. Huko metali za juu kama kobalti hazimo ardhini hadi umwangushe adui mkubwa aitwaye Ukuta wa Nyama na kuzivunja madhabahu kwa nyundo. Ni wazo zuri, lakini mimi ninapenda kujua kwamba kitu kilikuwepo chini ya miguu yangu tangu siku ya kwanza.

Kitanda cha kumi kimelipuka, na nina vifusi saba. Nimebakiza kifusi kimoja tu kuupata mkuo wa pili, vitanda vimekwisha, kila kimoja kilikuwa kimekalia nafasi yake mfukoni kwa kuwa havirundikwi pamoja, na kondoo wote wako upande wa pili wa lango.