Mashairi ya ticha, buku tano na gundi mbovu

Jamani nimekikuta hiki kijitabu steshenari ya karibu na stendi, kaandika mwalimu wa shule ya msingi, buku tano tu, na mimi mke wa ticha nikasema ngoja nione. Gundi mbovu, siku ya pili kurasa zishaachia. Ila mashairi yenyewe aisee! Lile la kusahihisha daftari 90 usiku kwa tochi ya simu ni tarbia safi kabisa, yaani mistari minne kila ubeti, mizani (silabi) 16 kila mshororo, nane kwa nane, kibwagizo kinarudi kama kengele, nikamsomea mume wangu akanyamaza kimya, maana naye andalio la somo anaandika saa tano usiku sie tumelala na asubuhi ana zamu. Lingine la mzazi anayekuja juu kisa mtoto kafeli wakati daftari lenyewe hajawahi kulifungua, hapo nilicheka mpaka basi. Ya mshahara sikuyapenda, vina vya kulazimisha, malalamiko tu hayana utamu. Na choo cha walimu mbona hajakigusa? Nampa nne kati ya tano, hiyo nyota moja kaila mchapaji.